Panda mwamba, lakini usisafiri usiku

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia. Unataka kwenda Hell's Gate, ile mbuga ya Naivasha, na wenzako wa chuo mpande mwamba wa Fischer's Tower, na kabla sijafungua mdomo umeshanijibu: barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, je, mwamba huo umeua wangapi?

Hesabu yako inavutia, ila ina shimo. Barabarani tupo sote, kila siku, kuanzia mtoto wa nasari hadi nyanyako akienda kliniki. Mwambani mpo wachache, tena wikendi tu. Chukua saa moja ya kupanda uiweke kando ya saa moja ndani ya matatu, ndipo tuzungumze.

Hata hivyo sikukatazi. Nimewafikiria wale wa Londiani, Juni 2023. Lori liliwavamia pale njia panda, zaidi ya 50 wakafa, na hakuna aliyekuwa akitafuta msisimko. Walikuwa wakiuza bidhaa zao, wengine wakingoja gari. Siwezi kukunyima mwamba eti una hatari, ilhali kila likizo nakutuma sokoni.

Tena kwenye kamba kuna kitu nakipenda: ukaguzi. Katika ile video uliyonitumia, msichana alifunga fundo, mwenzake akalivuta, akashika mshipi wa kiunoni, akagonga kofia, ndipo akamwambia apande. Sasa nionyeshe mwendesha boda wa hapa mtaani Section 58 aliyewahi kukupa kofia. Tunapakiwa watatu, mzigo mapajani, mvua ikinyesha, na hatusemi ni hatari kwa kuwa tumezoea.

Ninakokuogopea ni kule chini kwenye korongo la Hell's Gate. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwasomba watalii humo. Maji yale hayangoji mvua ikunyeshee wewe; ikinyesha milimani, mbali na macho yako, korongo linajaa. Mkiona wingu zito upande wowote, msishuke, hata kama mmeshalipa kiingilio.

Halafu safari yenyewe. Toka chuoni Maseno asubuhi. Ule mteremko wa kuelekea Salgaa ni mrefu, na kuna madereva wa malori wanaotoa gia ili kuokoa mafuta, breki zikichoka hakuna cha kuwazuia. Desemba 31, 2017, kabla hakujapambazuka, basi na lori viligongana pale Migaa, watu 36 wakafa. Kwa hiyo Ijumaa ulale hapa nyumbani, Jumamosi uendelee Naivasha.

Nauli nimetuma kwa M-Pesa, ni ya gari la mchana. Nawe nitumie jina na nambari ya simu ya atakayeshika kamba yako. Baba yako bado hajui; nitamwambia akishakula.

Mama yako,
Nakuru