Malalamiko Kuhusu Mtambo wa Kukoleza Juisi ya Mabibo

Kikundi cha Wakamuaji wa Mabibo,
Newala, Mtwara.
12 Desemba 2024

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Mitambo ya Vyakula,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: UTANDO WA MTAMBO WETU KUHARIBIWA NA FUNDI WENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwanzoni mwa Novemba tulipokea kwenu mtambo wa kukoleza juisi kwa kupitisha mvuke wa maji yake kwenye utando mwembamba wenye vitundu, ukapoe upande wa pili. Tuliununua kwa kuwa bibo, tunda la mkorosho, likianguka leo, kesho limeshachacha, na juisi yake ukiichemsha kwenye sufuria inageuka kahawia na kunuka kupikwa. Mtambo huu unatumia joto la nyuzi 50 tu. Wiki za mwanzo ulituridhisha kabisa: kilo 100 za juisi ya Briksi 10 (yaani sukari kama asilimia 10) zilibaki kilo 17 hivi za Briksi 60, na harufu ya bibo palepale. Kwa hilo tunawashukuru.

Tarehe 26 Novemba fundi wenu alikuja kutufundisha kuusafisha. Alichukua sabuni ya unga ya kufulia, akaikoroga kwenye ndoo na kuizungusha mtamboni nusu saa nzima. Kesho yake mama mmoja wa kikundi akakuta sisimizi wamejipanga kwenye ndoo ya maji yanayotoka upande wa baridi. Tukayaonja: matamu! Kipimo kikasoma Briksi 4. Maji yale ni mvuke uliopoa, na sukari haigeuki mvuke, kwa hiyo hayakupaswa kuwa na utamu wowote.

Barua yenu ya tarehe 3 Desemba inadai kwamba utando umezibwa na nyama za mabibo kwa sababu hatuchuji vizuri. Hatukubali. Utando ukiziba, maji hutoka kidogo lakini hubaki matupu. Yetu yameongezeka, tena yana sukari. Utando wetu umelowa. Vitundu vyake ni vidogo mno, na kazi yake yote ni kuyakataa maji kama jani la gimbi linavyokataa tone la mvua, upite mvuke peke yake. Lipakeni jani hilo maji ya sabuni, kisha mwone kama tone litaserereka tena. Juisi yetu tunaituliza kwanza kwa uji wa muhogo kutoa ukakasi, ndipo tunachuja, na daftari la kila siku tunalo.

Kinachotuuma zaidi ni kijitabu chenu cha Kiingereza. Tulipompata mwalimu wa kutusomea, ukurasa wa usafi unaagiza kostiki soda iliyozimuliwa na unakataza sabuni. Fundi wenu hakuufuata, nasi hatukuweza kuusoma.

Tunataka utando mpya kwa gharama zenu, maelekezo ya Kiswahili, na fundi anayeujua mtambo huu kweli. Mabibo yanaanguka sasa hivi chini ya mikorosho yetu na kuoza. Msimu ukipita, mtambo utakaa bure hadi Oktoba huku mkopo wa VICOBA, benki ya kijamii ya kijijini, ukiendelea kudai kila mwezi. Tusipopata jibu ndani ya siku 14, tutapeleka shauri hili Tume ya Ushindani, pamoja na daftari letu na sampuli ya maji yale matamu.

Wenu,

Katibu wa Kikundi