Nyota ile haikulipuka

Mhariri,

Nimeiona picha ya Nebula ya Pete, wingu la gesi angani liitwalo pia M57, mliyoitoa kwenye ukurasa wa sayansi Jumapili iliyopita. Picha nzuri kweli, na safari hii wino haukuharibu rangi. Ila maelezo yake yanasema hayo ni mabaki ya nyota “iliyolipuka”. Hapo naomba mrekebishe.

Nyota ikilipuka, yaani supanova, hurusha gesi kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde. Gesi ya M57 inatanuka kwa kilomita 20 hadi 30 hivi kwa sekunde, na imeendelea hivyo kwa takriban miaka 4,000. Nyota yenyewe bado ipo: ni kile kidoa cheupe katikati ya picha yenu. Ilipozeeka ilivimba, ikaanza kupoteza tabaka zake za nje kwa upepo mzito wa mwendo wa pole. Kiini kilipobaki wazi, ukatoka upepo mwingine, mwepesi na wenye kasi mara mia hivi ya ule wa kwanza, ukaukuta njiani na kuulundika mbele yake kama fagio la chelewa linavyokusanya takataka. Ganda tunaloliona ndilo hilo. Mwanaastronomia Sun Kwok na wenzake walieleza hivyo mwaka 1978. Mwanga wake nao hautokani na moto wa mlipuko. Ni mionzi ya urujuanimno ya kiini, isiyoonekana kwa macho, inayoifanya gesi ing’ae.

Na ushahidi mmeuchapisha wenyewe. Tazameni nje ya pete: kuna matao hafifu, kama kumi, ambayo darubini ya angani ya James Webb iliyaonyesha vizuri mwaka 2023. Watafiti walikadiria kwamba tao moja hadi jingine ni miaka 280 hivi, wakahisi kuna nyota mwenza iliyokuwa ikiizunguka ile kubwa wakati inapukutika. Mlipuko wa mara moja usingeacha mistari iliyofuatana kwa mpango namna hiyo.

Hata pete si pete, maana tunalitazama ganda refu tukiwa upande wa mdomo wake, na katikati hapako patupu.

Mkichapisha marekebisho, ongezeni na mahali ilipo, wasomaji wenye darubini ndogo waitafute: mwishoni mwa Agosti, saa tatu usiku, upande wa kaskazini, kati ya nyota Sheliak na Sulafat, ambazo kwetu huonekana juu kidogo ya ile nyota angavu, Vega.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam