Machungwa ya Segera

Shoga yangu kipenzi,

Ujumbe wako nimeusoma jana usiku, na furaha yake haijaniisha. Ila lile swali la mwisho, kwamba kamati ya harusi yenu inataka mtaje rangi za mapambo kabla ya kikao cha Jumapili, ndilo lililoniamsha alfajiri nikuandikie.

Msianze na rangi. Sisi tulianza na rangi. Mpambaji alitufungulia albamu, tukanyoosha kidole kwenye zambarau na fedha, tukalipa nusu, tukaondoka. Siku yenyewe ukumbi uling'aa, sikatai. Wiki mbili baadaye tukaalikwa harusi nyingine, ukumbi mwingine kabisa, nikakuta jukwaa ni lilelile na maua ya plastiki ni yaleyale. Nilipopanda kuwapongeza maharusi, nikaliona kwenye kitambaa cha meza kuu lile tone la nta lililodondoka siku yetu. Lilikuwa limepigwa pasi, likabaki doa. Niliumia, shoga yangu, na sikuwa na wa kumwambia.

Ninyi mnayo hadithi yenu wenyewe ya kuanzia. Mlikutana Segera, basi la Moshi limeharibika, wewe unangoja gari la Muheza. Shemeji kanunua machungwa na kisu hana, ukamenya wewe. Kila akiisimulia hadithi hiyo anaonyesha kwa mikono ulivyolizungusha ganda likatoka zima bila kukatika. Basi machungwa yakae mezani! Harusi ni Julai, na kwenu Muheza wakati huo yamejaa mpaka barabarani. Yapangeni kwenye vikapu vya ukili pamoja na majani yake mabichi, badala ya yale magilasi marefu yanayowazuia wageni kuonana. Na wageni wayale, wamenye palepale, ukumbi mzima unukie. Mkishafika hapo rangi mnayo: chungwa, kijani cha mgomba, na nyeupe kidogo ya kupumzisha macho. Nyuma yenu simamisheni migomba halisi, kwa kuwa kule Marangu, Uchagani, kwa shemeji nyumba imezungukwa na migomba na kahawa.

Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, waachie wenyewe upande wa bwana harusi, wanajua kumpamba. Ila umeandika unataka kufunga majani ya masale kwenye viti. Hapo subiri kwanza. Kwa Wachaga sale ndilo analopeleka mtu anapokwenda kuomba msamaha, na ndilo linalopandwa kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Jani lenye uzito huo usilifanye utepe. Muulize mama mkwe. Akiridhia, yeye mwenyewe atakwambia likae wapi. Ukiona anasita, achana nalo, majani ya mgomba yanatosha.

Sendofu, sherehe ya kukuaga, ni ya kwenu, na hapo ndipo mahali pa ile kanga ya kisutu ya bibi. Nyekundu, nyeusi na nyeupe yake hazitapatana na machungwa, wala usizilazimishe. Itandikwe peke yake kwenye kiti chako, isishindane na kitu. Zile kanga nyingine za kutundika ukutani, soma jina la kila moja kabla hujalipa. Wauzaji wanakutajia bei tu, lakini shangazi zako wataanza na maandishi. Kijembe kimoja juu ya kichwa cha mama mkwe, hata kama hukukusudia, kitasemwa mpaka siku ya ubatizo wa mwanao.

Kuhusu kamati, mwenyekiti si baba mkubwa wa shemeji? Shemeji amfuate nyumbani kabla ya Jumapili, asingoje kumjibu kikaoni mbele za watu. Amsimulie Segera kama anavyotusimulia sisi, kisha amwonyeshe hesabu: fungu la maua litapungua sana, na hiyo hela iongezwe kwenye chakula. Wazee wanapenda kuombwa ushauri mapema. Najua mzee huyo anakupenda.

Jumamosi nipo kwa mama mchana kutwa. Njoo na ile kisutu tuitazame kwenye mwanga tuone kama pindo limechakaa, mama atajua pa kushonea. Usiifue. Nataka kujua kama bado ina harufu ya udi wa sanduku la bibi.

Nisalimie shemeji.

Akupendaye daima,
Shoga yako