Bungua weupe kwenye kahawa zetu: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Uru, Kilimanjaro, tu wazima, mama yako anakusalimia sana. Hela uliyotuma imefika. Umesema ninunue dawa nipulizie zile kahawa za upande wa mfereji zilizogeuka njano, na zisipopona ning'oe zote nipande parachichi. Dawa sijanunua, mama, na kahawa siziondoi. Kihamba hiki, shamba letu la ukoo, utakuja kukitunza wewe, kwa hiyo ni vema umfahamu anayekila.

Ni bungua weupe, wadudu wanaotoboa mashina ya kahawa. Nilikata mti mmoja uliokwisha kunyauka, nikapasua shina kwa panga kuanzia chini. Ndani kulikuwa na njia nyeusinyeusi iliyojaa maranda yaliyoshindiliwa, na mwisho wa njia alilala funza mweupe kama maziwa, nono, mwenye pingilipingili mwili mzima. Miguu hana. Kichwa chake ni kidogo, cha kahawia, kina taya nyeusi ngumu ajabu. Kazi yote ya kutoboa ule mti mkavu hufanywa na taya hizo peke yake. Anaweza kufika sentimita 4.

Huyo ndiye mtoto. Mkubwa wake ulishamwona ukiwa mdogo: yule mdudu wa karibu sentimita 3, mgongo mweupe wa kijivujivu wenye kahawia pembeni, na vipapasio virefu kupita mwili wenyewe, hasa vya dume. Ukimshika analia, kisauti cha kukwaruza, kwa kusugua sehemu mbili za kifua chake. Hutoka kwenye miti mvua zinapoanza. Hula magome laini ya matawi machanga, wanapandana, kisha jike hushuka chini ya shina, mara nyingi usawa wa goti kwenda chini, anatafuna gome kidogo na kutaga yai ndani yake. Halafu anasogea na kutaga jingine.

Baada ya kama wiki tatu yai huanguliwa, na hapa ndipo nakuomba usome taratibu. Miezi ya mwanzo yule funza haingii ndani ya mti. Anakaa chini ya gome akilila kwa kuzunguka shina, na ndipo penye njia ya chakula kinachoshuka kutoka majani kwenda mizizi. Akikamilisha mzunguko, mizizi inakosa chakula na mti unakuwa njano juu huku ugonjwa uko chini. Mche mchanga hufa kabisa; mti mkubwa unaweza kuvumilia lakini hauzai. Akishakua ndipo anaingia kwenye kiini, wakati mwingine hadi kwenye mizizi mikubwa, na toka yai hadi kutoka mzima hupita mwaka mmoja na nusu, hata miwili. Muda wote huo yumo ndani. Sasa dawa ya kupulizia majani itamfikiaje?

Zamani wakulima walipewa matumaini na dieldrin, sumu ya wadudu, ikapakwa kwenye mashina, na kweli iliua. Lakini haiozi upesi, inakaa kwenye udongo na kwenye mafuta ya miili ya wanyama na watu miaka mingi, na Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliiweka kwenye orodha ya sumu za kukomeshwa. Mfereji wetu unapita palepale, na ng'ombe anakula migomba ya humo humo. Hata angetokea mtu wa kunipa bure nisingeipokea.

Lile tundu la duara, saizi ya penseli, uliloniuliza kwenye simu ni mlango wa aliyekwisha kuondoka. Usihangaike nalo. Tafuta maranda mapya chini ya shina na gome lililopasuka. Penye maranda, ninapitisha spoku ya baiskeli polepole kufuata njia mpaka nimchome. Mashina mengine nayasugua kwa magunzi ya mahindi, kuanzia ardhini hadi juu ya goti, magome makavu yatoke yabaki laini, maana jike hupenda kutaga penye mikwaruzo na nyufa. Kusugua bila kujeruhi kunataka mkono mtulivu, na vijana wa siku hizi wana haraka, kwa hiyo nafanya mwenyewe. Miti iliyozidiwa naing'oa na mizizi yake na kuichoma kabla ya masika. Mama yako alitaka tuiweke stoo iwe kuni. Nimemkatalia, maana waliomo wangemalizia kukua humo na kurudi shambani.

Miche ya chotara kutoka TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungo, nitaongeza, ni mizuri. Ila ilitafutwa kwa ajili ya kustahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, kwa hiyo nayo itasuguliwa kama mingine. Na usidhani huyu mdudu aliletwa na kahawa. Ni wa Afrika hii hii, alikuwa akiishi kwenye mimea ya porini ya ukoo wa kahawa kabla wamisionari hawajaleta mibuni Kilema, huku huku Kilimanjaro. Parachichi nitapanda mpakani, zisizibe jua.

Hela yako nimenunulia samadi, kwa sababu mti wenye nguvu humstahimili zaidi. Iliyobaki anayo mama yako.

Kitu kimoja nakuomba. Shamba la baba yako mdogo hapo chini halijaguswa, na mashamba ya chini ndiyo huathirika zaidi kuliko ya juu karibu na msitu. Bungua wanaruka, wakitoka kwake watakuja kwangu. Mimi nimemwambia, ameitikia tu. Wewe anakusikiliza. Mpigie kabla ya mwezi wa tatu, umweleze aichome ile miti mikavu iliyo karibu na banda.

Baba yako