Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mto na Visima Vyetu

Wanachama wenzangu,

Nianze na lile ambalo najua wengi mmekuja kuuliza. Hapana, bado hatuwezi kusema ni kisima cha nani kinachokausha mto. Swali hilo liliulizwa kwa hasira kwenye mkutano mkuu uliopita, nami nikaahidi jibu ndani ya mwaka mmoja. Niliahidi haraka mno. Tulichopata ni kitu kingine, na kwa maoni yangu kina faida kuliko jina la jirani wa kulaumiwa.

Kwa waliojiunga karibuni: kazi yetu ni kupima maji ya visima na ya mto kwenye bonde la Mbagathi. Mto huu unashuka kutoka Milima ya Ngong, unakuwa mpaka kati ya Nairobi na Kajiado, unapita kusini mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi na kuishia kwenye Athi, ambao ukifika baharini karibu na Malindi huitwa Sabaki. Januari na Februari zinaweza kupita wiki kadhaa bila tone la mvua, na bado mto unatiririka. Maji hayo hayatoki mawinguni. Ni mvua ya masika na ya vuli iliyozama kwenye miamba huko juu, ikapita ardhini polepole na kuchomoza kwenye chemchemi na kingo za mto. Anayepima mto tu, bila visima, amepima nusu ya hesabu.

Sasa vipimo. Chombo chetu ni utepe mrefu wenye ncha ya chuma. Ncha ikigusa maji kisimani, taa inawaka na kengele inalia, nawe unasoma mita kuanzia mdomo wa kisima. Ni kazi rahisi, ila ina mtego: namba ikiongezeka, maji yameshuka. Mwanachama mmoja alitutumia ujumbe wa furaha kwamba kisima chake "kimepanda" mwezi mzima. Hatukumcheka sana, maana kosa letu sisi kamati lilikuwa kubwa zaidi.

Tulipima pampu zikiwa zinavuta. Pampu ikifanya kazi, maji ndani ya kisima hushuka chini kuliko maji ya ardhi inayokizunguka, kwa hiyo namba unayoandika ni ya pampu, si ya bonde. Tukasema basi twende alfajiri. Kumbe alfajiri ndipo mabawabu huwasha pampu kujaza matangi kabla wenye nyumba hawajaamka! Kwa mgao wa maji tunaoujua hapa mjini, siwezi kuwalaumu. Vipimo vya miezi ya mwanzo tumevitupa karibu vyote. Tangu hapo tumeafikiana na wenye visima vinavyopimwa: pampu inazimwa usiku, haiwashwi hadi mpimaji apite, na anaandika saa. Daftari la sasa ni jembamba lakini naliamini.

Kilichonifungua macho hasa ni siku mbili za mpima ardhi. Utepe unakuambia maji yako mita ngapi chini ya mdomo wa kisima, lakini mdomo wa kisima kimoja uko kilimani na wa kingine uko bondeni. Mpima ardhi alituunganishia midomo yote, pamoja na rula tuliyosimika mtoni, kwenye kipimo kimoja cha urefu. Hapo ndipo unaweza kuuliza nani anampa nani. Maji ya kisima yakisimama juu kuliko maji ya mto, ardhi inalisha mto. Yakisimama chini, mto ndio unaozama ardhini.

Kwenye kona ya juu ya mto, visima vifupi vilivyochimbwa kwa mkono vinasimama juu ya mto. Unaweza kuhakikisha kwa miguu yako. Alasiri moja ya Februari nilivua viatu nikaingia: maji yalikuwa vuguvugu kama ya kuoshea vyombo, mpaka nilipofika chini ya mtini, hatua mbili kutoka ukingoni, nyayo zikapigwa na baridi kali. Maji ya ardhini hayafuati joto la mchana. Enkare Nairobi, Wamaasai walisema, maji baridi, na pale bado jina lina maana.

Kona ya chini ya mto ni kinyume. Kiangazi, visima vya huko vilisimama chini ya mto. Nawaomba wenye visima vifupi upande huo wasilichukulie jambo hili kama elimu tu. Mto unapozama kuelekea kisimani, uchafu wa mto unakuja nao. Chemsheni maji ya kunywa, hata kama yanang'aa.

Je, visima virefu? Hapa wengi wetu tunarukia hukumu. Kisima cha mita 200 na zaidi hapa Nairobi hupita matabaka ya lava na majivu ya volkano, pamoja na mashapo ya maziwa ya kale, na mengine hayapitishi maji kwa urahisi. Mwaka 1940 Mmarekani Charles Theis alieleza kwamba maji ya kisima mwanzo hutoka kwenye akiba ya ardhi, na baadaye kuna mahali patakaposhiriki hasara, mara nyingi mto. Neno zito hapo ni "baadaye": huenda ni miezi, huenda ni miaka. Kwa hiyo mwenye kisima kirefu hajasafishwa, wala hajatiwa hatiani. Ingesaidia kama taarifa za uchimbaji zingekuwa za kweli. Mbili tulizoletewa, za mashamba mawili tofauti, zilikuwa na matabaka yaleyale hadi kosa la tahajia. Mchimbaji hakujibu simu. Tena, wenye visima virefu, pimeni floraidi, madini ya majini ambayo yakizidi hudhuru meno na mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya jiji hili huvuka.

Sheria ya Maji ya 2016 inasema maji yote, ya juu na ya chini, yako mikononi mwa serikali kuu kwa niaba ya wananchi, na kibali cha kuvuta hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mwenye kibali aweke mita. Asiye nacho aje tumsaidie fomu kabla hajafuatwa.

Fedha atazieleza mweka hazina. Ombi langu ni moja: bomba jembamba la kupimia, kona ya chini, lisilofungwa pampu kamwe, ili tusitegemee tena usingizi wa mabawabu.

Kipimo kijacho ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mama mwenye ufunguo wa geti la kona ya juu atasafiri, kwa hiyo anayeishi karibu naye auchukue mapema. Na gambuti, tafadhali. Ukingo umelika tangu mvua.