Barua kwa Mwajuma, aliyenisubiri Kigoma

Magomeni Mikumi,
Dar es Salaam.
24 Aprili

Ndugu yangu Mwajuma,

Assalaam alaykum. Shikamoo yangu mfikishie mama, na shemeji na watoto wasalimie wote. Sisi huku wazima, ila mvua haijatupa nafasi ya kuanika hata kitambaa.

Najua nilikupigia Alhamisi ile, lakini mtandao ulikuwa unakatakata na simu inakaribia kuzima. Nilichowahi kusema ni kwamba reli imekatika. Ukanyamaza, halafu ukasema, "Haya, Zuhura, Mungu ndiye mpangaji." Maneno hayo nimekaa nayo siku zote hizi. Nakujua tangu tunachota maji pamoja kwenye kota za reli Kilosa, na ukisema "haya" kwa sauti ile huwa umeumia. Ndiyo maana nakuandikia yote, tangu nilipofunga mlango wangu mpaka nilipoufungua tena.

Jumatano ile mvua ilianza alfajiri na haikupumua. Mchana nikatoka na mizigo yangu ya arobaini ya marehemu baba yako: tende, ubani, doti nane za kanga na mchele kilo ishirini. Pale Jangwani barabara ya Morogoro ilishafungwa. Mto Msimbazi ulikuwa umepanda juu ya lami, mwendokasi hauvuki, watu wamejaa Magomeni Mapipa wanatazama maji ya rangi ya udongo yakipita na magogo na magodoro ya watu. Bajaji ikanizungusha Kinondoni, tukaingia mjini kwa Salenda. Nilifika Stesheni nimelowa mpaka nguo za ndani ya mkoba, ila ile picha nitakayokueleza huko chini nilikuwa nimeifunga nailoni mbili.

Utaniuliza kwa nini sikupanda treni ya umeme. Kwenda Dodoma haimalizi saa nne, na toka hapo ningetafuta basi. Nililifikiria hilo, Mwajuma, nikalikataa. Reli iliyomlisha baba yako ni hii ya zamani, ya upana wa mita moja, na ndiyo inayotoka hapa mpaka mlangoni kwenu Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200, bila mtu kushusha mzigo. Nikaona mtu wa genge la kutengeneza reli anafuatwa kwa reli yake.

Tulichelewa kuondoka kama saa mbili. Kwenye chumba tulikuwa wanne: mimi, mwalimu mmoja anarudi Tabora, bibi wa Kaliua, na mama kijana mwenye mtoto wa miezi mitano. Pugu, Ruvu, Ngerengere, zote tulizipita gizani, mvua inapiga juu ya behewa mpaka mtu unaongea na jirani yako kwa kupaza sauti. Morogoro radi zilikuwa zinamulika mlima mzima wa Uluguru, unaona mabonde yake kama mchana, kisha giza. Mtoto alikuwa anashtuka kila mara, na bibi wa Kaliua akamchukua akamfunga kifuani mwake akamwimbia kwa Kinyamwezi mpaka akalala.

Kilosa tuliingia karibu na alfajiri. Nilitoa kichwa dirishani nikatafuta mwarobaini wa kwetu gizani, sikuuona. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima. Kisha treni ikaondoka polepole, mtu anayetembea kwa haraka angeweza kuipita. Nikajua dereva amepewa onyo. Tulipoingia lile bonde, upande wa chini mto Mkondoa unanguruma, nikakumbuka baba yako alivyokuwa akituambia barazani: "Hapa reli na mto vinalala kitanda kimoja. Mmoja akijigeuza, mwingine anaanguka."

Unakumbuka alivyokuwa akieleza? Wajerumani walianza kutandika reli hapa Dar mwaka 1905, mwaka 1907 wakawa Morogoro, na Februari 1914 wakafika Kigoma. Alizijua tarehe hizo kama majina ya wanawe. Na alijua kwa nini walipita pale. Treni haipandi mlima mkali. Kilosa iko kama mita 500 juu ya bahari, Dodoma imepita 1,100, na mlango mwepesi wa kupandia ni bonde hilo la Mkondoa. Kwa hiyo walifuata mto, na tangu hapo kila masika makubwa mto unadai nafasi yake.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka tulipokuwa tunaikaribia Munisagara. Breki zikalia, treni ikasimama. Nikachungulia. Mbele, katikati ya reli, amesimama mtu mmoja amevaa koti la mvua la njano, limechanika begani. Tochi ilikuwa imening'inia shingoni kwake, na bendera nyekundu ameishika kwa mikono miwili. Hakuipunga. Aliinyoosha tu mbele ya kifua na hakutoka pale mpaka dereva alipozima honi. Alipokaribia mabehewa nikaona viatu vyake vya mpira vimejaa matope hadi ndani, na midomo inatetemeka kwa baridi. Alikuwa amesimama pale tangu saa tisa ya usiku, yeye na mwenzake aliyekwenda upande wa pili kuzuia chochote kitakachotoka Kidete.

Tuliambiwa tusishuke, lakini watu walishuka, na mimi nilishuka pia, na mwalimu akanishika mkono kwenye kokoto. Mwajuma, hatua kama mia mbili mbele ya kichwa cha treni, tuta halikuwepo. Reli zenyewe zilikuwepo. Zinaning'inia hewani toka ukingo huu mpaka ule, na mataruma ya chuma yamezishika bado, kama chaga za kitanda kilichotolewa godoro. Chini yake maji yanapita. Gogo moja lilikuwa linakuja, linagonga taruma la katikati, reli zote mbili zinatikisika na kutoa mlio mwembamba, gogo linapita, kimya, linakuja jingine. Nilisikiliza mlio ule mpaka miguu ikaniishia nguvu. Ingekuwa usiku wa giza, na yule mtu hayupo, dereva angeona reli zake zimenyooka sawasawa mbele yake kwenye taa. Zilikuwa zimenyooka kabisa.

Mwalimu akauliza maji yaliwezaje kula tuta refu kiasi kile. Nikajikuta namjibu kwa maneno ya baba yako. Tuta haliliwi usoni. Maji yanajaa upande wa mlimani kwa sababu kalvati, ile njia ya kupitisha maji chini ya tuta, limezibwa na mchanga. Yanapanda taratibu mpaka yanafurika juu ya reli, na yakishaanza kumwagika upande wa pili ndipo yanapolila tuta mgongoni, toka chini. Kokoto zinatangulia, udongo unafuata. Yule mtu wa bendera alikuwa anasikiliza. Akaniuliza, "Mama, wewe umejuaje?" Nikamwambia mimi ni mtoto wa kota za Kilosa, baba yangu alikuwa akipanga mabehewa pale stesheni, na baba wa rafiki yangu alikuwa mnyapara wa genge la Kidete. Nikamtajia jina. Yeye ni kijana, hakumkuta kazini. Lakini alisema wazee waliomfundisha walikuwa wakimtaja mnyapara wa Kidete aliyepaka mistari ya rangi kwenye nguzo za madaraja: maji yakifika mstari mweupe, treni itembee polepole, yakifika mwekundu, ifungwe njia. Ni yeye, Mwajuma! Mimi na wewe tulimshikia kopo la rangi. Niliposikia hivyo nililia pale pale kwenye mvua, na sikuona haya.

Treni ilirudishwa nyuma mpaka Kilosa. Siku ile ya Alhamisi ilikuwa ndefu. Kina mama wa Kilosa walikuja na mihogo ya kuchemsha, chai kwenye chupa na mahindi, na wengi wao hawakupandisha bei hata shilingi. Mmoja alimchukua yule mama kijana na mtoto wake kwake, wakaoge na kulala. Wanaijua hali hii. Januari 2010 Mkondoa ulivunja kingo zake ukaingia mjini, maelfu ya watu wakabaki bila makazi, na reli ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe kwa miezi. Wasafiri wa Kigoma walikuwa wanapandia treni Dodoma, utakumbuka, hata wewe ulikuja hivyo kwa harusi ya mdogo wangu.

Kilichoniuma siku hiyo ni kukosa habari. Kila tuliyemuuliza alisema "subirini kidogo", na kidogo ikawa asubuhi, adhuhuri, magharibi. Mtu akiambiwa mapema kwamba njia haitapitika wiki hii, anafanya uamuzi wake. Kulikuwa na mgonjwa anakwenda Tabora, kulikuwa na mwanafunzi ana mtihani. Walistahili kuambiwa ukweli wakiwa bado wana saa mkononi. Usiku ndipo tulipotangaziwa kwamba kuna mabasi ya kuturudisha. Nikapiga hesabu: Dumila, Dodoma, kisha basi la kuja kwenu, ningefika Jumapili, na arobaini ilikuwa Jumamosi. Ndipo nikakupigia. Tende na ubani niliviacha kwenye msikiti ule wa karibu na soko, nikamwomba imamu dua ya mzee isomwe Jumamosi, saa ile ile mnayosoma ninyi Kigoma. Ilisomwa. Amenipigia mwenyewe kunithibitishia.

Nakwambia hili nikiwa nimelifikiri sana. Watu huku mjini wanasema reli mpya imekuja, hii ya zamani na iende zake. Mimi naipenda ile mpya, nimeiona kwa macho yangu pale juu ya Kilosa, imepandishwa kwenye tuta refu na kuingia kwenye mahandaki, mbali na mdomo wa mto. Wameuheshimu mto, na wamefanya vizuri. Lakini abiria wake wanaishia Dodoma. Wa Manyoni, Tabora, Kaliua, Uvinza, na ninyi, bado mnategemea hii ya genge. Na mchanga unaoziba makalvati hautoki Kilosa. Unashuka na vijito toka milima ya Mpwapwa na Kongwa, mahali miti imekatwa na mashamba yamelimwa mpaka kwenye kingo, unaingia mto Kinyasungwe, unaingia Mkondoa, unainua kitako cha mto mwaka hadi mwaka mpaka maji yanakuwa karibu sawa na reli. Baba yako alilisema hilo sisi tukiwa darasa la tano. Unaweza kujenga tuta mara kumi, kama mchanga unaendelea kuja utalijenga la kumi na moja.

Na huku ni vile vile. Msimbazi unashuka toka milima ya Pugu na Kisarawe, unabeba mchanga na takataka zetu, unakuja kuumwaga Jangwani, sisi tunaamka asubuhi tunashangaa barabara imefungwa. Jana nimepita pale, maji yamepungua, vijana wanachota mchanga kwa makoleo kutoka kwenye lami. Nikawa nakumbuka genge.

Mataruma walikuwa wameshaanza kuyapokea tulipokuwa tunaondoka. Niliona kiberenge, kile kigari kidogo cha relini, kimepakia watu kumi na mbili, sururu na mitaimbo, kinaelekea Munisagara kwenye mvua ile ile, na yule kijana wa koti la njano yumo, hajalala. Nilimpa mchele wote. Alikataa, nikamwambia ni wa arobaini ya mnyapara wa Kidete, na sadaka ya marehemu haikataliwi. Akaupokea kwa mikono miwili. Naomba usinilaumu kwa mchele, najua uliuhesabia.

Kanga nakutumia kwa basi pamoja na barua hii, atakuletea mtoto wa dada anayerudi kazini Kasulu. Ndani ya kanga ya juu kabisa, ile ya bluu, kuna bahasha. Ni ile picha niliyokuwa naileta mwenyewe, nimeikuta kwenye sanduku la marehemu baba yangu. Genge zima la Kidete limesimama mbele ya daraja, mvua imetoka kunyesha, unaona maji yanavyong'aa kwenye mataruma. Baba yako yuko katikati, bado kijana, kofia imeinamia upande kama kawaida yake. Pembe moja imelowa kidogo pamoja na nailoni zote, usiikaushe juani, iweke katikati ya msahafu au kitabu kizito.

Nyuma kuna majina yameandikwa kwa penseli lakini mawili yamefutika. Mwulize mama: yule wa tatu kutoka kushoto, aliyeegemea mtaimbo na kucheka, ni nani? Na yule mfupi aliyeshika kopo?

Wako,
Zuhura