Valvu ya turbo iliyokuja na gari iachwe mahali pake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba Subaru za vijana wa mtaani kwake zinatoa "pshii" kama basi linalofunga breki, akataka trafiki wawakamate kwa kutoboa eksozi. Mlio anaousikia hautoki kwenye eksozi. Unatoka mbele, chini ya boneti, kwenye valvu ya turbo. Mimi ni fundi mwanamke, kazi yangu ni magari ya turbo hapa Gerezani, Dar es Salaam, na ninavyoona mlio huo unawaumiza wenye magari kuliko majirani zao.

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi wa injini unaizungusha feni ya kwanza, nayo ya pili inavuta hewa na kuishindilia ndani ya injini. Ikichanganya, shafti hiyo inapita mizunguko 100,000 kwa dakika. Kwenye Impreza WRX isiyochezewa, hewa inashindiliwa kwa presha ya kama psi 14, karibu nusu ya upepo tunaojaza kwenye tairi. Sasa dereva kakanyaga mafuta, halafu anaachia ghafla ili abadili gia. Kile kibamba kinachoruhusu hewa kuingia kwenye injini kinajifunga hapo hapo, lakini feni bado inazunguka na bado inasukuma. Hewa inagonga kibamba, inageuka kurudi ilikotoka, inakutana uso kwa uso na feni. Ndipo unaposikia "tu-tu-tu-tu". Feni inapunguzwa kasi kwa nguvu, na ile beringi inayoizuia shafti isicheze mbele na nyuma inabeba mapigo yote.

Ili kuepusha hayo, watengenezaji waliweka valvu ndogo kati ya turbo na kibamba. Ndani yake mna springi na dayaframu, yaani kiwambo chembamba kinachonyumbulika, na juu yake umechomekwa mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwa silinda baada ya kibamba. Ukiwa umekanyaga mafuta, presha ya juu na ya chini ya dayaframu zinakaribiana, springi inaibana valvu, hakuna upepo unaopotea. Ukiachia, manifoldi inaanza kuvuta, dayaframu inanyanyuka, valvu inafunguka na hewa iliyobanwa inapata pa kupitia. Hakuna waya wala kompyuta inayoiamuru. Kwenye Audi na Volkswagen za miaka ya karibuni wameiweka ya umeme, tena kwenye turbo yenyewe, lakini kazi yake ni ile ile.

Mgogoro wote uko kwenye swali la hewa hiyo inakwenda wapi. Valvu iliyokuja na gari inairudisha kwenye bomba la kuingizia hewa, kabla ya turbo lakini baada ya sensa inayopima hewa. Hizi za alumini zinazong'aa, nyekundu na bluu, zinazopangwa kwenye vioo vya maduka ya spea, nyingi zinaitupa nje. Hiyo ndiyo "pshii" yenyewe.

Kwenye Subaru za turbo tunazoletewa kwa wingi, yaani Forester na Impreza za miaka ya 2000, sensa ipo mara tu baada ya kisafisha hewa. Kila hewa inayopita hapo kompyuta inaihesabu na kuandaa petroli yake. Ukiitupa nje hewa iliyokwisha kuhesabiwa, petroli inakuja vile vile. Kwa muda huo mfupi injini inakunywa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo: moshi mweusi unatoka, eksozi inapasua, plagi zinapaka masizi, na petroli isiyoungua inakwenda kuwakia kwenye masega, kile kisafisha moshi kilicho ndani ya eksozi, mpaka yanaharibika. Tena gari ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, uvutaji wa manifoldi unaweza kuishinda springi laini, valvu ikabaki wazi kidogo, na hewa ambayo haikupimwa ikaingia kwa mlango huo huo. Ndiyo maana mshale wa mizunguko unapanda na kushuka wenyewe kwenye foleni.

Hili si jambo la kuchosha masikio tu. Kijana mmoja aliniletea Forester iliyokuwa ikizima kila akiachia mafuta akikaribia taa. Gereji aliyotoka walimbadilishia pampu ya mafuta, kisha sensa ya hewa, na gari ikaendelea kuzima. Siku iliyomtisha alikuwa anateremka kutoka Kimara kuelekea Ubungo, mbele yake kuna daladala. Injini ikazima, usukani ukawa mzito, na baada ya kukanyaga breki mara mbili pedeli ikagoma kuzama, kwa sababu msaada wa breki unategemea uvutaji wa injini, na injini iliyokufa haivuti. Alimkwepa daladala kwa neema ya Mungu. Nilipofungua boneti nikaona valvu nyekundu. Nikaitoa, nikamfungia ya mtumba kutoka Japani ya aina iliyokuja na gari, na jioni hiyo hiyo silensa ikatulia. Hakuna kingine nilichogusa. Pampu na sensa alizotupiwa nje zilikuwa nzima.

Vijana huniambia valvu ya kutupa nje inaongeza nguvu. Wanangu, valvu hii inafunguka pale unapoachia mafuta, yaani pale ambapo huihitaji nguvu. Itaongezaje? Ila najua imani hiyo imezaliwa wapi. Dayaframu ya zamani ikichanika, hewa inavuja wakati wa kukanyaga na gari inakuwa nzito. Mtu akifunga valvu mpya, ya rangi yoyote ile, anapata ile nguvu aliyokuwa ameipoteza na kudhani ni ziada.

Na hapa niseme na mafundi wenzangu, maana inauma. Gari ikija haina nguvu huku inapiga mluzi, wengi wetu tunakimbilia kusema turbo imekufa, na mteja anatafutiwa turbo nzima. Kabla ya hapo, chomoa valvu. Fyonza kwa mdomo ile sehemu ya mpira mwembamba kisha izibe kwa ulimi. Dayaframu nzima itakung'ang'ania ulimi, iliyochanika itakuachia mara moja. Ukague na mpira wenyewe, kwa kuwa joto la injini linaupasua, na wakati mwingine umechomoka tu. Turbo nyingi ninazozifungua zimeuawa na mafuta machafu ya injini, si na valvu. Kwenye injini za Subaru za aina ya EJ kuna bolti inayopeleka mafuta hayo ya kulainisha kwenye turbo, na nyingi zina kichujio kidogo ndani yake. Kikiziba, shafti inazunguka kavu. Fedha ya valvu ya kung'aa ingetosha kubadilisha mafuta ya injini kwa wakati na kusafisha kichujio hicho.

Sisemi kila gari ni sawa. Toyota Mark II na Chaser zenye injini ya turbo ya 1JZ-GTE hazina sensa ya kupima hewa inayopita, zinasoma presha iliyomo kwenye manifoldi, kwa hiyo hewa inayotupwa nje haikuwamo kwenye hesabu. Mwenye gari hiyo akitaka "pshii" hataharibu mchanganyiko wa mafuta, ila awaonee huruma watoto waliolala. Magari ya dizeli ni habari nyingine kabisa. Hilux au Prado ya dizeli haifungiwi hewa unapoachia mafuta jinsi petroli inavyofungiwa, hivyo haina hewa ya kugeuka na kuigonga feni. Bado kuna watu wanaziuzia vifaa vya umeme vinavyotoboa njia ya upepo ili zipige mlio. Huko ni kuuza kelele, na nawaomba wanaofanya hivyo waache.

Wapo pia wanaoiziba valvu kabisa ili wapate "tu-tu-tu", wakisema magari ya mashindano ndivyo yalivyo. Mimi ni shabiki wa Safari Rally tangu Ian Duncan aliposhinda mwaka 1994 na Celica yake ya turbo, na milio ile inanisisimua mpaka leo. Lakini timu za rali zinakwenda na turbo za akiba na mafundi wa kuzibadilisha. Kwa presha ndogo ya turbo ya gari la kawaida, mapigo hayo hayaui turbo kwa siku moja. Ni mzigo tu unaoibebesha beringi bila faida yoyote.

Ombi langu kwa wauzaji wa spea, kuanzia Kariakoo mpaka Ilala: kabla hujapokea fedha, muulize mteja gari yake inapima hewa kwa sensa gani, na kama hajui, mwelekeze kwa fundi kwanza. Na wewe mwenye gari, ukishaamua kubadilisha, dai valvu yako ya zamani uondoke nayo nyumbani. Iliyo nzima ni adimu siku hizi, na atakayenunua gari hiyo kwako ataihitaji.

Fundi wa magari,
Gerezani, Dar es Salaam